Gobole linalokaba na kuchana viraka: anza na risasi, usianze na kitambaa

Mpwa wangu anaishi Pennsylvania, nilikokaa na mimi miaka kumi na moja kabla sijarudi Tanga. Jimbo lile lina msimu wa kuwinda kulungu baada ya Krismasi kwa bunduki za gumegume peke yake, na yeye ameupenda kama nilivyoupenda mimi. Bunduki hizo ni magobole yanayowashwa kwa jiwe: unatia baruti mdomoni, kisha risasi ya mviringo iliyofunikwa kwa kiraka cha kitambaa chenye mafuta, unaisukuma hadi chini kwa mdeki, yaani fimbo ya kupakilia. Wiki iliyopita alinipigia.

"Shikamoo mjomba. Bunduki ilikuwa inanikaba. Mdeki haukushuka mpaka niugonge, na sasa viraka vinatoka vimechanika."

"Marahaba. Umebadilisha nini?"

"Nimenunua kitambaa chembamba zaidi."

Wengi wanakosea hapohapo. Ukiona kunabana unakimbilia kupunguza kitambaa, kumbe kitambaa ndicho kinachofanya kazi. Cha kupunguza ni risasi.

Chukua hesabu ya bunduki yake. Ndani ya mtutu kumechongwa mifereji, na miinuko iliyobaki kati yake ndiyo matuta. Mtutu ni wa inchi 0.500, ukipima kutoka tuta hadi tuta. Mifereji ina kina cha 0.010 kila upande, kwa hiyo kutoka mfereji hadi mfereji ni 0.520. Alianza na risasi ya 0.495 na kitambaa cha 0.020. Kitambaa kinahesabiwa mara mbili, maana kiko huku na huku kwa risasi: jumla 0.535. Lazima ugonge. Akaja na kitambaa cha 0.010, jumla ikawa 0.515. Mdeki ukashuka, lakini mifereji haikujaa. Moto wa baruti ukapenya pembeni na kukila kitambaa. Nilimwambia anunue risasi za 0.490 na kitambaa cha 0.015, halafu ajaribu cha 0.018. Hiki cha pili kinazidi kidogo, lakini pamba inakubali kushindiliwa. Kikibana sana, ashuke hadi risasi ya 0.485, kitambaa kibaki kilekile.

Kuhusu kitambaa chenyewe, nilitoka nyumbani nikaenda Ngamiani kwa fundi wa magodoro ya sufi, nikaomba kipande cha kile kitambaa chake cha mistari. Wapigaji wa Marekani wanatumia cha aina hiyohiyo, cha magodoro na mito, kwa sababu kimefumwa kwa kubana ili kisivujishe kilichomo ndani. Nilichomoa uzi mmoja nikauwasha kwa kiberiti. Ukageuka majivu laini, ukanuka kama karatasi inayoungua. Hiyo ni pamba tupu. Uzi unaoyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi una plastiki, na hautakiwi ndani ya mtutu. Nikakifua kwa maji moto kutoa wanga, kikakauka, ndipo nikapima kwa venia, kile kipimo cha unene, nikiyabana meno yake kwa nguvu. Usipobana utasoma unene wa hewa. Nilipata milimita 0.46, yaani inchi 0.018. Nikampigia picha, nikamtumia aone mfumo wa nyuzi anaoutafuta.

Sasa viraka vilivyokwisha kupigwa. Usiviache chini. Tembea hatua kumi hadi ishirini mbele ya ulipopigia, uviokote, uvisome. Kiraka kizima kina duara jeusi katikati, alama hafifu za matuta kuizunguka, na kingo zilizochakaa kidogo. Kikiwa na tundu lililoungua, moto umepenya: ama kitambaa ni chembamba, ama kimekauka mafuta. Kikiwa na mikato midogo iliyopangana kwa duara, kila mmoja mahali pa tuta, kinakatwa na chuma.

Kujua kama kinakatwa wakati wa kupakia, hakikisha bunduki ni tupu kabisa, haina baruti ndani wala kwenye kisahani cha baruti ya kuwashia. Sukuma risasi na kiraka chake kiasi cha kiganja kimoja, kisha uivute kwa skrubu ya kuvutia risasi. Kiraka kikitoka kimekatwa, mkosaji ni ukingo wa mdomo wa mtutu. Ziba mtutu kwa kitambaa chini kidogo ya mdomo, weka kipande cha msasa namba 320 juu ya mdomo, kibonyeze kwa kidole gumba na ukizungushe, huku ukiigeuza bunduki robo kwa robo. Maliza kwa namba 600. Usiwe na haraka, chuma kilichoondoka hakirudi. Pitisha ukucha: usipokwama, inatosha. Mtutu mpya huwa pia na matuta makali ndani, na hayo hulainika kwa kupiga, au kwa kusugua kwa nyuzi laini za chuma zilizofungwa kwenye brashi.

Mafuta: nta ya nyuki na shahamu, ziyeyushwe pamoja kwa moto mdogo. Ya injini usitumie, yakichanganyika na masizi ya baruti nyeusi yanakuwa lami. Na kama risasi ya kwanza inashuka vizuri ila ya tatu inakaba, vipimo vyako havina kosa. Ni masizi. Pitisha kitambaa chenye unyevu kila baada ya kupiga.

Kuna jambo moja nililomrudishia mara mbili kwenye simu. Risasi ikikwama katikati, usifyatue bunduki. Pengo kati ya baruti na risasi linaweza kupasua mtutu. Tia alama kwenye mdeki ya mahali unapofika bunduki ikiwa imepakiwa sawasawa. Alama isipofika mdomoni, ivute risasi itoke, na uso wako usiwe juu ya mdomo wa mtutu hata kidogo.

Kwa mliopo huku nyumbani, gobole bila kibali ni kosa. Mimi sina, nina venia na kitambaa cha godoro tu.

Jumamosi usiku alinitumia picha ya viraka vitano juu ya meza. Vinne vizima. Cha tano kina mkato mmoja, mahali palepale pa tuta moja. Nimemwambia arudi na msasa upande huo.