Kuienzi Kumbukumbu ya Sachangwan kwa Huduma kwa Jamii: Mwongozo kwa Walimu

Jioni ya Jumamosi, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikimbilia pale wakiwa na mitungi ili kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha, baadhi yao wakiwa wameungua kiasi cha kutotambulika. Wanafunzi ninaowafundisha leo katika kaunti ya Nakuru hawakuwa wamezaliwa, na wengi wao hulijua jina la Sachangwan kama mahali ambapo matatu hushusha abiria. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa gredi ya 7 hadi ya 9 anayetaka kuitumia nafasi ya huduma kwa jamii iliyomo katika Mtaala wa Umilisi ili wanafunzi wake wawakumbuke marehemu kwa kazi ya mikono yao.

Hatua ya 1: Chagua kazi inayotokana na chanzo cha msiba

Mwaka wa kwanza nilifanya jambo ambalo wengi wetu hulifanya: tulipanda miche. Januari ni kiangazi huku kwetu, na kufikia Machi miche yote ilikuwa imekauka. Hata hivyo, kosa langu kubwa halikuwa msimu. Nilipowauliza wanafunzi mche unahusiana vipi na lori la mafuta, hakuna aliyeweza kunijibu, na mimi mwenyewe sikuwa na jibu. Tangu hapo tumechagua kazi moja tu, nayo ni kuwafundisha majirani wa barabara kuu hatari ya mafuta yaliyomwagika na huduma ya kwanza kwa aliyeungua. Kwa wenzetu wa shule za upili, ambao wanafunzi wao wamefikisha miaka 16 na uzani wa kilo 50, kuchangia damu kwa idhini ya wazazi ni kazi inayofaa pia.

Hatua ya 2: Zungumzeni kuhusu neno “walijitakia”

Tenga vipindi viwili kwa hatua hii, wala usiiharakishe, kwa maana hapa ndipo kazi yote husimama au huanguka. Ukishasimulia tukio, mwanafunzi mmoja atasema kwamba waliokufa walijitakia, kwa kuwa walikuwa wakiiba mafuta. Usimkaripie. Amelisikia neno hilo nyumbani, na mwanafunzi anayeamini hivyo kimoyomoyo atawahudumia watu huku akiwadharau. Liandike neno hilo ubaoni, kisha uwape wanafunzi hali ya wakati ule. Mwezi huohuo wa Januari 2009, Rais Mwai Kibaki alikuwa ametangaza njaa kuwa janga la kitaifa, huku watu wapatao milioni 10 wakihitaji chakula. Molo na maeneo jirani yalikuwa yametoka kuumizwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na familia nyingi zilikuwa zimepoteza nyumba na mashamba. Waulize mtungi wa lita 20 wa petroli ungekuwa na maana gani kwa mtu wa namna hiyo. Baadaye waeleze kwamba mwezi Julai 2021, huko Malanga katika kaunti ya Siaya, watu wasiopungua 13 walikufa katika mkasa unaofanana na huo, ili waone kwamba ujuzi haukuwafikia watu ingawa miaka 12 ilikuwa imepita. Neno lile likibaki ubaoni hadi mwisho wa kipindi, mara nyingi aliyelisema ndiye hulifuta.

Hatua ya 3: Waonyeshe kisichoonekana

Wengi hudhani kwamba aliye mbali na dimbwi la petroli yuko salama. Ukweli ni kwamba petroli hutoa mvuke ulio mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, nao hutambaa chini kufuata mteremko na mitaro hadi ukutane na cheche, kisha moto hurudi haraka hadi kwenye lori. Jambo hili lionyeshwe bila tone moja la petroli. Tia vijiko viwili vya magadi katika jagi, mimina siki kidogo, na usubiri povu litulie. Kunja karatasi ngumu iwe kama mfereji, uuelekeze kwenye mshumaa unaowaka, halafu uinamishe jagi taratibu juu ya mfereji huo bila kumwaga kimiminiko. Hewa ya kaboni dioksidi iliyotokana na povu itateremka kwenye mfereji; hakuna kitakachoonekana kikipita, lakini mshumaa utazimika. Wasisitizie wanafunzi kwamba hewa hii huzima moto ilhali mvuke wa petroli huuwasha, na kwamba kinachofanana ni namna zinavyoteremka. Siku moja niliusahau ufafanuzi huo, na kijana mmoja akaondoka akiamini kwamba mafuta huzima mishumaa.

Kisha watoke uwanjani. Mafuta mengi yakimwagika, watu wanapaswa kuondoka angalau mita 300, na lori likishika moto, mita 800. Mita 300 ni robo tatu ya mzunguko wa uwanja wa riadha, na wanafunzi wakizitembea kwa miguu hushangaa kuona jinsi zilivyo nyingi.

Hatua ya 4: Fanyeni mazoezi ya huduma ya kwanza

Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, ute wa yai wala unga. Nambari za dharura, 999 na 112, zikaririwe.

Hatua ya 5: Wapelekeni watu somo

Pata barua ya mwalimu mkuu, idhini ya wazazi na ruhusa ya chifu, ambaye mara nyingi atakupa robo saa katika baraza lake. Steji ya bodaboda ndiyo hadhira bora, kwa sababu waendeshaji hao hufika mahali pa ajali mapema. Nenda saa nne asubuhi, wakati abiria ni wachache, ukiwa na wanafunzi wasiozidi wanane. Waanze kwa salamu kamili na kwa kuwauliza wakubwa wao wanajua nini, maana mtoto anayewahutubia watu wazima bila kuwasikiliza kwanza atachekwa, na ni haki yao kumcheka.

Hatua ya 6: Siku yenyewe ya kumbukumbu

Sishauri kuwapanga wanafunzi kando ya barabara kuu, ambako malori hupita kwa kasi. Kumbukumbu ifanyike shuleni: dakika moja ya kimya, sala ya Kikristo na dua ya Kiislamu, kisha wanafunzi waondoke kwenda kazini. Ukiwaalika waliofiwa, waulize faraghani kabla ya siku hiyo kama wangependa kusema lolote, na usiruhusu picha. Niliwahi kumkabidhi mama mmoja kipaza sauti bila kumwuliza. Alisimama kimya kwa muda mrefu, akakirudisha, akaondoka. Nilikwenda kwake kuomba radhi siku iliyofuata.

Hatua ya 7: Rudini baada ya muhula mmoja

Mwezi Mei, wanafunzi walewale warudi kwenye steji na wawaulize waendeshaji maswali matatu: mvuke huelekea wapi, mtu akae umbali gani, na aliyeungua apoozwe kwa kitu gani. Majibu yaandikwe katika daftari kama yalivyotolewa, hata yaliyo na makosa, nalo lihifadhiwe kabatini pamoja na barua ya chifu, kwa kuwa darasa la mwaka unaofuata litaanzia kwenye makosa hayo.