Kuchambua data za jaribio la violesura viwili: kutoka faili ghafi hadi sentensi ya ripoti

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye amekwisha kufanya jaribio lake, amerudi na faili la muda na rundo la hojaji, na sasa anataka kujua kama kiolesura kipya (sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa) ni bora kuliko cha zamani. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuna menyu mbili za kutuma pesa kwa simu: menyu A ni orodha ya namba za kuchagua, na menyu B ina vitufe vyenye picha. Washiriki wanane walitumia menyu zote mbili, kila mmoja akatuma pesa mara kumi kwa kila menyu; wanne walianza na A, wanne wakaanza na B. Jumla ni zamu 160. Namba zote za mfano huu nimezitunga kwa ajili ya mazoezi, ili msomaji aweze kuzirudia mwenyewe kwa kikokotoo.

Nitangulize onyo moja, kwa sababu karibu kila hatua inalirudia. Kosa ninalokutana nalo zaidi ninapopewa ripoti za aina hii nizihakiki ni la kuhesabu watu: mwandishi alikuwa na washiriki wanane, lakini amechambua kana kwamba alikuwa na 160. Zamu kumi za mtu mmoja zinafanana kwa sababu ni vidole vyake, macho yake na simu aliyoizoea, na kwa hiyo hazihesabiki kuwa ushahidi wa watu kumi.

Hatua ya 1: Panga faili

Kila zamu iwe na mstari wake mmoja, na kila mstari uwe na safu hizi: mshiriki, kiolesura, mpangilio (alianza na A au na B), namba ya zamu, sekunde, amefaulu (1 au 0), na maoni. Faili ghafi lihifadhiwe bila kuguswa, na marekebisho yote yafanyike katika nakala.

Safu ya maoni ndiyo watu huiacha, na ndiyo itakayokuokoa. Katika kazi yangu moja mshiriki alipigiwa simu na mama mkwe wake katikati ya zamu. Aliipokea, akaamkia, akaulizia hali za nyumbani mmoja baada ya mwingine kama inavyopasa, na saa ya programu ikaendelea kuhesabu hadi sekunde 183. Mstari ule niliuondoa, lakini niliuondoa kwa sababu msimamizi aliandika tukio hilo papo hapo, wala si kwa sababu namba ilikuwa kubwa. Kanuni ya kuondoa mistari iandikwe kabla ya kuona matokeo. Ukisubiri hadi uone ni mistari ipi inayoiharibia menyu unayoipenda, utapata sababu nzuri ya kuondoa kila mmoja wao.

Jambo jingine la kuamua mapema ni zamu zilizoshindikana. Mtu aliyekata tamaa baada ya sekunde 12 hakutuma pesa kwa sekunde 12. Muda wa kukamilisha kazi upigwe kwa zamu zilizofaulu tu, na kushindwa kuchambuliwe peke yake katika hatua ya 5.

Hatua ya 2: Chora kwanza

Mwaka 1973 Francis Anscombe alionyesha seti nne za data zenye wastani, mtawanyiko na mstari wa mwelekeo unaolingana karibu kabisa, ilhali michoro yake haifanani hata kidogo. Kwa jaribio kama letu mchoro unaofaa ni rahisi: nukta ya kila mshiriki kwa A upande wa kushoto, nukta yake kwa B upande wa kulia, na mstari unaoziunganisha. Ukiona mistari mingi inashuka, umekwisha kuliona jibu kabla ya hesabu yoyote.

Hatua ya 3: Geuza muda kuwa logi

Muda una tabia yake. Hauwezi kushuka chini ya sifuri, lakini kwa juu hauna kizuizi, na kwa hiyo daima kutakuwa na mtu mmoja au wawili waliochelewa sana na kuuvuta wastani. Kugeuza kila muda kuwa logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) hupunguza mvuto huo, na faida yake ya pili ni kwamba tofauti ya logi mbili ukiirudisha inakuwa uwiano. Utaweza kusema kwamba menyu B inachukua sehemu fulani ya muda wa A, kauli ambayo ina maana ileile kwa mwenye kasi na kwa mzito.

Kwa kila mshiriki, tafuta wastani wa logi za zamu zake kwa kila menyu, kisha urudishe kuwa sekunde. Huo ndio wastani wa kijiometri. Katika mfano wetu namba zikawa hivi:

Mshiriki: P1, P2, P3, P4, P5, P6, P7, P8
Menyu A: 42, 35, 61, 48, 39, 90, 44, 52
Menyu B: 36, 33, 50, 45, 30, 71, 46, 41

Wastani wa kawaida wa namba hizi ni sekunde 51.4 kwa A na 44.0 kwa B. Wastani wa kijiometri ni 49.2 na 42.5. Tazama P6 na sekunde zake 90, utaona tofauti hiyo imetoka wapi.

Hatua ya 4: Linganisha kila mtu na nafsi yake

Sasa tuna namba mbili kwa kila mtu, na watu ni wanane. Kwa kuwa mtu yuleyule alitumia menyu zote mbili, kipimo kinachofaa ni kipimo cha t cha jozi, kinachopima kama wastani wa tofauti za kila mtu uko mbali na sifuri. Katika programu ya R, ambayo ni ya bure, kazi yote ni mistari michache:

d <- read.csv("data.csv")
d <- subset(d, amefaulu == 1)
d$logi <- log(d$sekunde)
m <- aggregate(logi ~ mshiriki + kiolesura, data = d, FUN = mean)
a <- m$logi[m$kiolesura == "A"]
b <- m$logi[m$kiolesura == "B"]
t.test(b, a, paired = TRUE)

Asiye na R anaweza kufanya kwa mkono. Gawanya B kwa A kwa kila mtu, chukua logi asilia, na utapata tofauti nane: -0.154, -0.059, -0.199, -0.065, -0.262, -0.237, 0.044 na -0.238. Wastani wake ni -0.146 na mkengeuko sanifu, yaani kadiri tofauti hizo zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni 0.109. Gawanya mkengeuko kwa kipeuo cha pili cha 8 upate kosa sanifu, yaani kadiri wastani wenyewe unavyoweza kuyumba, 0.0386. Wastani ukigawanywa kwa kosa sanifu unatoa t ya -3.78, na kwa digrii huru 7 (watu wanane ukitoa mmoja) thamani ya p ni takriban 0.007.

Bado hatujapata kitu cha kumwambia mbunifu wa menyu. Zidisha 0.0386 kwa 2.365, namba inayopatikana katika jedwali la t kwa digrii huru 7, kisha utoe na kujumlisha kwenye wastani ili upate mipaka ya uhakika ya asilimia 95: kutoka -0.238 hadi -0.055. Rudisha kutoka kwenye logi: 0.79 hadi 0.95, huku kadirio la katikati likiwa 0.86. Kwa maneno ya kawaida, menyu B inapunguza muda kwa asilimia 14 hivi, na data zetu zinapatana na punguzo lolote kati ya asilimia 5 na 21. Sentensi hiyo ina manufaa kuliko p peke yake. Thamani ya p inaeleza tu jinsi tofauti kama hii au kubwa zaidi ingekuwa nadra iwapo menyu zisingetofautiana kabisa. Haitaji uwezekano wa B kuwa bora, wala haipimi ukubwa wa ubora huo. Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kuhusu jambo hili mwaka 2016, na bado kila mwezi ninaisoma p ikielezwa kinyume.

Hebu sasa tufanye kosa kwa makusudi. Tusahau kwamba namba ni jozi, tuzichukulie kama makundi mawili ya watu tofauti. Logi ni zilezile, wastani ni uleule, lakini t inashuka hadi -1.03 na p inapanda hadi takriban 0.32. Matokeo yametoweka. Sababu ni kwamba watu wanatofautiana wao kwa wao kuliko menyu zinavyotofautiana: P6 ni mzito kwa zote mbili, P2 ni mwepesi kwa zote mbili, na kipimo cha makundi tofauti kinaihesabu tofauti hiyo ya watu kuwa kelele. Kosa la kinyume ni kuingiza mistari yote 160 kama watu 160. Hilo huwa linatoa p ndogo ajabu, na ndiyo maana halilalamikiwi.

Wapo watakaodai kwamba watu wanane ni wachache mno kwa kipimo cha t. Kipimo hiki kilibuniwa kwa ajili ya sampuli ndogo: William Gosset alikichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student, akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, ambako sampuli kubwa hazikupatikana. Ukibaki na shaka kuhusu umbo la data, tumia kipimo cha Wilcoxon cha mwaka 1945, kinachotazama nafasi za tofauti badala ya ukubwa wake. Kwetu kinatoa p ya 0.016, na mwelekeo haubadiliki.

Kama kazi walizofanya washiriki zinatofautiana, kwa mfano kutuma pesa, kulipa bili na kununua muda wa maongezi, kazi zenyewe nazo ni sampuli ya kazi zinazowezekana. Hapo ni vyema kuhamia kwenye modeli mseto, inayompa kila mshiriki na kila kazi kiwango chake, kwa kutumia kifurushi cha R kiitwacho lme4. Kwa jaribio dogo lenye kazi moja, njia niliyoonyesha inatosha.

Hatua ya 5: Waliofaulu na walioshindwa

Wote wanane walifaulu katika zamu ya kwanza ya menyu B. Usiandike asilimia 100 ukaishia hapo. Jumlisha wawili waliofaulu na wawili walioshindwa, kisha upige hesabu kwa 10 kati ya 12: mipaka ya asilimia 95 inaanzia takriban 62 na kufika 100. Kulinganisha A na B kwa ndiyo na hapana za watu walewale kuna kipimo chake, cha McNemar, kinachowatazama wale tu waliofaulu kwa menyu moja na kushindwa kwa nyingine.

Hatua ya 6: Hojaji

Hojaji ya SUS (System Usability Scale, yaani kipimo cha urahisi wa kutumia mfumo), iliyotungwa na John Brooke mwaka 1986, ina kauli kumi zenye majibu ya 1 hadi 5. Kwa kauli za namba witiri, toa 1 kwenye jibu. Kwa kauli za namba shufwa, toa jibu kwenye 5. Jumlisha zote na uzidishe kwa 2.5. Mshiriki aliyejibu 4, 2, 5, 1, 4, 2, 4, 3, 4, 2 anapata 31 mara 2.5, yaani 77.5. Hiyo si asilimia, na wastani unaotajwa sana kutoka tafiti nyingi ni 68, si 50.

Kabla ya kujumlisha, tafuta waliopata 50 kamili. Mtu aliyeweka alama kwenye safu ileile kutoka juu hadi chini, iwe ya 1, ya 3 au ya 5, hupata 50 daima, kwa sababu kauli zinapokezana kusifu na kulaumu. Mara nyingi huyo hakusoma, au tafsiri ilimshinda. Nimeona tafsiri za Kiswahili zilizojaa maneno ya kamusi ambayo mshiriki hajawahi kuyasikia, naye kwa adabu akakubaliana na kila kauli.

Hatua ya 7: Mpangilio, na kulinganisha mara nyingi

Chukua zile tofauti nane, uzigawe kwa walioanza na A na walioanza na B. Ikiwa walioanza na A waliharakisha sana kwa B huku wenzao hawakubadilika, sehemu ya faida ni mazoezi tu, na ni lazima useme hivyo. Ikiwa una menyu tatu au zaidi, unalinganisha jozi nyingi, na kila jozi inaongeza nafasi ya kudanganyika; rekebisha thamani za p kwa njia ya Holm, ambayo R inayo tayari katika p.adjust.

Hatua ya 8: Andika

"Washiriki wanane walitumia menyu zote mbili kwa mpangilio uliopokezanishwa. Muda wa kukamilisha kazi kwa menyu B ulikuwa asilimia 86 ya muda wa menyu A (mipaka ya asilimia 95: 79 hadi 95; kipimo cha t cha jozi kwenye logi, t(7) = -3.78, p = 0.007). Mshiriki mmoja kati ya wanane alichelewa zaidi kwa B."

Sentensi ya mwisho usiifute. P7 alitumia sekunde 44 kwa A na 46 kwa B, na takwimu haziwezi kueleza kwa nini. Hapo ndipo ninapofungua daftari la msimamizi, au rekodi ya skrini, na kutazama zamu zake kumi moja baada ya nyingine.