Kabla hujaripoti porini: kwa anayekwenda kujifunza kazi ya elimu ya uhifadhi Kanda ya Kati

Ukisema unakwenda kujifunza kazi kwenye pori la akiba, kila mtu atakuuliza habari za simba. Mimi katika mwaka wangu wa uanagenzi simba nilimsikia mara mbili, kumwona sikumwona. Niliokutana nao kila siku ni watu: mwenyekiti wa kijiji, mwalimu wa zamu, mama mwenye ekari mbili za uwele, mchungaji ambaye ng'ombe wake walikutwa ndani ya mpaka. Kwa hiyo jiandae kwa watu kwanza. Buti zitafuata.

Jua unakokwenda ni wapi kisheria. Swagaswaga na Mkungunero ni mapori ya akiba, na yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Ruaha ni hifadhi ya taifa, iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Mwanakijiji hatajali herufi hizo, ila atakuuliza jambo linalotokana nazo: "Mbona mgeni anakuja na bunduki anawinda, mimi nikinasa digidigi nafungwa?" Katika pori la akiba uwindaji wa leseni unaruhusiwa, kwa mgawo na kwa malipo, katika hifadhi ya taifa hauruhusiwi kabisa. Kama huwezi kulieleza hilo kwa utulivu, bila kumfanya muulizaji aonekane mjinga, usisimame mbele ya mkutano. Soma Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, angalau sehemu ya makosa na ya nyara, yaani mnyamapori au kiungo chake chochote.

Nyara nazitaja kwa sababu ndizo zinazowaponza vijana. Utaokota pembe la swala njiani, utaliona linafaa kufundishia, utalitia begini. Hilo ni nyara ya Serikali, na kukutwa nalo bila kibali ni kosa, hata kama nia yako ni darasa la nne. Kila fuvu, ngozi au pembe la kufundishia liombwe ofisini kwa maandishi, na karatasi isafiri pamoja nalo.

Sasa niseme lililo zito. Mkutano wangu wa kwanza wa kijiji ulikuwa mwezi wa tano, mtama na uwele vikiwa vimekomaa. Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri kuhusu faida za tembo: anasambaza mbegu, anafungua njia, anachimba maji kwenye mito mikavu. Nilipomaliza, mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, huyo tembo unayemsifu ndiye aliyelala shambani kwangu juzi, au ni mwingine?" Watu walicheka. Mimi nilikaa chini. Hakuna aliyenituma nikasifu tembo wiki hiyo. Ni mimi sikuuliza kwanza.

Basi kabla ya kupanga somo, muulize mtendaji wa kijiji nini kimetokea mwezi huu. Halafu uwe na majibu ya vitu vinavyosaidia. Jua tofauti ya kifuta jasho na kifuta machozi: cha kwanza ni kwa mazao au mifugo iliyoharibiwa, cha pili ni kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, na vyote viwili si fidia. Usithubutu kuita fidia, maana mtu atapiga hesabu ya magunia yake na kukudai wewe. Jua taarifa inaanzia kwa mtendaji na kufika kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na kwamba anayechelewa kuripoti anajinyima mwenyewe. Jifunze pia kwa mikono yako njia za kufukuza tembo: pilipili iliyosagwa ikachanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye vitambaa vya uzio, kinyesi kikavu cha tembo kilichochanganywa na pilipili kikachomwa upande unakotoka upepo, mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwa waya kuzunguka shamba. Tembo anamwogopa nyuki kweli. Lakini mzinga usio na nyuki ni sanduku tu, na kiangazi cha Dodoma nyuki huhama wakikosa maji na maua. Hilo liseme kabla wao hawajakwambia.

Utaulizwa pia kuhusu kweleakwelea, ndege wanaoshambulia nafaka. Si kazi yako, ni ya watu wa kilimo, lakini ukijibu "hiyo haituhusu" umeshawapoteza. Chukua taarifa, peleka kwa afisa kilimo.

Ratiba ya huku inafuata mvua, nayo ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Wakati wa palizi asubuhi humpati mtu. Siku ya mnada usiitishe mkutano wowote, hata ukileta soda. Shuleni nenda na barua ya utambulisho kutoka ofisi ya mkurugenzi, mwone mwalimu mkuu, saini kitabu cha wageni. Usimpige picha mtoto bila ruhusa.

Vifaa vya darasa visitegemee umeme. Mimi nilichora kwenye shuka jeupe kwa rangi, likakaa mwaka mzima. Na kitu kilichonisaidia kuliko mabango yote ni pakiti ya ubuyu. Kila mtoto wa Dodoma ameula, wachache wanajua kwamba ua la mbuyu hufunguka usiku na huchavushwa na popo. Ukiwaambia kwamba popo wanaompiga mawe ndiye anayewaletea ubuyu, darasa zima linanyamaza. (Nunua pakiti za kutosha. Ukileta moja utajuta.)

Lugha: Kiswahili kinatosha kwa kazi, salamu ya kwao ndiyo inayofungua mlango. Kwa Wagogo "mbukwa" itakupatia kigoda. Ukifika kwa Wasandawe, upande wa Chemba, lugha yao ina sauti za kugonga ulimi. Jifunze neno moja sawasawa au nyamaza, usiigize ili watu wacheke. Na ukiletewa ugali wa uwele na mlenda, kula.

Ofisini nako kuna adabu yake. Uhifadhi sasa unaendeshwa kwa mfumo wa jeshi usu, kuna vyeo na saluti. Wewe ni raia, hutapiga saluti, lakini uliza namna ya kumwita kila mkubwa na usiondoke kambini bila kuaga.

Mengine ni ya mwilini. Acha nguo za bluu na nyeusi, zinamvuta mbung'o, na mbung'o ndiye anayeeneza malale. Beba sweta: usiku wa Juni na Julai baridi yake haina utani. Maji ya visima vingi yana chumvi, sabuni haitoi povu. Laini mbili za simu, pawabenki, chandarua, kadi ya bima, na pesa taslimu kwa sababu wakala anaweza kuwa umbali wa saa nzima kwa bodaboda. Uliza siku ya kwanza kituo cha afya chenye dawa ya sumu ya nyoka kiko wapi. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usifunge kamba. Mlaze atulie, kiungo kisitikiswe, gari liondoke. Na buti zikung'ute kila asubuhi kabla ya kuvaa. Mimi nilisahau siku moja tu, na nge hakusahau.