Pima mwenyewe: chakula kinakaa mwilini kwa saa ngapi?

Ukila, na dakika 20 baadaye ukakimbilia chooni, usidhani chakula kimepita moja kwa moja. Tumbo likijaa, utumbo mpana huamshwa ukatoa shehena yake ya zamani. Kinachotoka ni cha jana au juzi. Ukitaka ushahidi, tumia mahindi.

Kwa siku 3 usile mahindi ya punje wala makande. Ugali hausumbui, punje imeshasagwa. Siku ya kupima, pukuchua hindi la kuchemsha, la njano likipatikana, ujaze kiganja kimoja. Kula na chakula cha jioni bila kutafuna sana, halafu andika saa. Mtoto mdogo asijaribu: punje nzima inaweza kumpalia.

Ganda la punje ni selulosi, na mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuivunja, kwa hiyo hutoka lilivyoingia. Umio hulipitisha kwa sekunde 10 hivi. Tumboni chakula hukaa kama saa 2 hadi 4. Uji huwahi, nyama ya mafuta hukawia. Kisha huachiwa kidogo kidogo kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, kikutane na nyongo na maji ya kongosho. Utumbo mwembamba, wenye mita 6 hivi, hukimaliza kwa saa 4 hadi 6 nyingine, na virutubisho karibu vyote hufyonzwa humo.

Foleni yenyewe iko kwenye utumbo mpana. Una mita 1.5 tu, lakini chakula kinaweza kulala humo siku nzima au mbili kikinyonywa maji. Ndiyo sababu ukibana haja choo huwa kigumu: kinazidi kukaushwa.

Hesabu saa hadi punje ya kwanza ionekane. Kati ya 12 na 48 ni kawaida. Zikipita 72, utumbo wako ni mzito: ongeza maharage, mboga za majani na matunda, na maji pia, maana makapi (nyuzinyuzi) ya vyakula hivyo bila maji huongeza kuziba. Usipime ukiwa unaharisha, na rudia mara 2 kabla ya kuamini jibu.

Na kwa kuwa unachungulia: choo cheusi kama lami, wakati humezi vidonge vya madini ya chuma, kinaweza kuwa damu kutoka tumboni. Hapo acha mahindi, nenda hospitali siku hiyohiyo.