Mambo ya kuzingatia kabla hujarekodiwa na mtu usiyemjua

Kama unaishi Kigoma mjini na riziki yako iko penye watu, iwe mwaloni Kibirizi, soko la Mwanga, stendi, au stesheni siku treni inapoingia, hesabu kwamba iko siku mtu usiyemjua atakuelekezea simu usoni apate video ya kuweka mtandaoni. Siku hiyo hutapata nafasi ya kufikiri, kwa hiyo fikiri leo. Nawaambia hasa kina mama, mabinti na wazee, maana ndio wanaoandamwa. Mabaunsa sijawahi kuona wakifuatwa na maswali ya kijinga.

Simu iwe na chaji na salio. Iwe na neno la siri. Namba ya ndugu mmoja anayeweza kufika haraka ikae kichwani, kwa sababu simu inaweza kupokonywa. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Kuhusu mavazi sina la kukuambia, nimeona waliojifunika toka utosini hadi kisigino wakisumbuliwa vilevile. Ila kanga ya ziada ndani ya mkoba usiikose: unajifunika uso, unamfunika mtoto, unageuka, unaondoka.

Jua pa kukimbilia kabla hujapahitaji. Mwaloni wapo watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, sokoni upo uongozi wa soko, mtaani ipo ofisi ya serikali ya mtaa, na kijiwe cha bodaboda huwa kina mwenyekiti wake. Pita siku ya kawaida, salimia, wakujue kwa jina. Ukizingirwa, elekea kwa mama lishe au kwenye duka lenye watu. Usikate uchochoro eti unawakwepa, huko ndiko watakakokupata vizuri.

Andaa sentensi moja. Mimi nawafundisha wadogo zangu hii: "Sikubali kurekodiwa. Usitumie picha yangu popote." Ijaribu nyumbani kwa sauti. Watakucheka, waache wacheke. Ukishaisema mara moja, geuza mgongo. Ukiulizwa "kwani umefanya nini mpaka uogope?", usijibu. Ukiitwa jina baya, usijibu. Simu ya mtu wa namna hii ni karabai ya mvuvi: ameiwasha ili wewe mwenyewe upande juu. Na usiishike simu yake hata kwa kidole. Ikidondoka na kupasuka kioo, utafika kituoni kama mtuhumiwa wa kuharibu mali, na yeye atakuja na video inayoonyesha mkono wako.

Usipokee hela ya mtu anayerekodi. Wapo wanaokuja na noti ya elfu mbili au kiroba cha unga, wanakuita mama kwa huruma, wanakuuliza mume yuko wapi na watoto wamekula nini. Baadaye umaskini wako ndio unaochekwa nchi nzima, na wao wanasema ulikubali, si ulipokea? Msaada wa kweli unaweza kutolewa simu ikiwa mfukoni.

Hapo nisieleweke vibaya. Si kila anayeinua simu ni adui. Wageni wanaokuja Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone wanapiga kila kitu, mpaka mbuzi. Mwandishi wa habari naye ana kazi yake, lakini huyo hataona tabu kukuonyesha kitambulisho na kukutajia chombo chake. Anayekasirika ukimuuliza anatoka wapi, huyo muogope.

Sasa nifike kwenye lile lililotugharimu.

Wifi yangu anauza dagaa Kibirizi. Anaanika kwenye chanja, habari ya kuanika mchangani hataki hata kuisikia, na wateja wake wa Dar es Salaam wanamlipa bei nzuri kwa sababu hiyo hiyo. Ilikuwa siku za ziwa kufunguliwa, baada ya ile miezi mitatu ya kupumzisha uvuvi, dagaa bado wa kutafuta, wakaja vijana wawili. Mmoja akamwita shangazi kwa adabu zote, akauliza bei ya sado, akachota dagaa kiganjani. Ghafla akaanza kupaza sauti kwamba wana mchanga, kwamba mama huyu anachanganya makusudi ili uzito upande. Mwenzake alikuwa pembeni anarekodi. Wifi akafoka, na ana mdomo, simsingizii. Kilichoingia mtandaoni ni kule kufoka tu, na maandishi juu yake: "Mama wa dagaa za mchanga." Magharibi ilipoingia video ilikuwa imeshafika kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara, na mteja mmoja wa Dar akapiga kusema mzigo wake usipakiwe kwanza.

Kaka yangu akamsaka yule kijana, kumbe ni wa hapa hapa mjini. Akamsihi, akamtaja mpaka mama yake mzazi, kijana akafuta video mbele ya macho yake. Kaka akarudi nyumbani kifua mbele. Lakini iliyofutwa ni ile ya kwenye ukurasa wake. Zilizopakuliwa ziliendelea kuzunguka, na safari hii hazikuwa na jina la aliyezianzisha. Tulipokwenda kituoni, askari aliuliza maswali ya maana kabisa: Akaunti inaitwaje? Iliposti lini? Kiungo kiko wapi? Nani alikuwepo? Tulichokuwa nacho ni nakala iliyopita mikono ya watu wasiohesabika. Kijana alipoulizwa akasema hajawahi kuposti kitu, labda wamemfananisha. Ushahidi wetu tulikuwa tumemwomba aufute sisi wenyewe.

Kwa hiyo, kwa herufi kubwa kichwani mwako: HIFADHI KWANZA, NDIPO UOMBE IFUTWE. Piga skrinishoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe, idadi ya waliotazama na yale maoni ya matusi. Nakili kiungo cha video, kitume kwa watu wawili unaowaamini. Pakua video yenyewe. Andika kwenye karatasi saa, mahali, nguo walizovaa, walichosema. Chukua majina na namba za walioshuhudia siku hiyo hiyo. Jirani wa meza ya pili leo yuko nawe, kesho amepanda boti kwenda Kagunga na hujui atarudi lini. Kama huwezi haya mambo ya simu, mtafute kijana wa nyumbani akufanyie, na ukae pembeni yake mpaka amalize.

Baada ya hapo ndipo uripoti kwenye mtandao husika, na ndipo uende polisi. Omba namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yako pale kituoni, usiondoke bila hiyo. Kama umeshikwa mwili au umetupiwa maneno ya ngono, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Yaandike haya mahali. Ukiyataja kwa utulivu pale kaunta unasikilizwa tofauti na ukija unalia.

Mengine ni ya kawaida ila watu wanayasahau. Usiweke stetasi kila unapofika, eti "niko stendi peke yangu." Watoto waambie wasijibu maswali ya mtu mwenye kamera hata akiwapa soda. Ukimwona mwenzio anarekodiwa, nenda kasimame kati yake na simu, muulize bei ya nyanya, chochote, na hiyo video usiisambaze hata kwa kusema "jamani tumsaidie." Usijibishane kwenye maoni. Na video ikishasambaa, zitakuja simu za namba ngeni, mtu wa sauti nzito anadai anao uwezo wa kuiondoa mtandao mzima ukimtumia "hela ya vocha" kidogo. Mkatie. Akipiga tena, skrinishoti na ya kwake.