"Gonna" ina masharti yake

Ukishazoea kuongea Kiingereza na wenyeji wa lugha hiyo, "gonna" inakuingia mdomoni bila hodi. Kuisema hakuna tabu. Tabu huanza kwenye kuiandika, maana wengi wetu tunaichukulia kuwa maneno ya mtaani tu, kwamba unaweza kuitupia popote. Kumbe ina sheria, tena kali.

"Going to" hufanya kazi mbili: kwenda mahali, na kutaja jambo ambalo mtu atalifanya au litakalotokea. "Gonna" ni mkato wa kazi hiyo ya pili peke yake. Ndiyo maana "I'm gonna call you" ni sawa, lakini "I'm gonna the bank" inamkwaza msomaji. Andika "I'm going to the bank" au, ukipenda, "I'm gonna go to the bank". Tazama neno linalofuata: likiwa kitendo, endelea; likiwa mahali, rudi kwenye "going to". Wala usiandike "gonna to call", kwa sababu "to" imeshamezwa mle ndani.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu hasa, watu wa Afrika Mashariki: "Am gonna be late." Sikio letu linasikia "am", na mkono unaandika hivyo hivyo. Ujumbe utaeleweka, ila umeshajitambulisha kabla hujafika. Ni "I'm", pamoja na kile kialama cha juu. "I gonna" ndiyo mbaya zaidi.

"Wanna", mkato wa "want to", nayo ina mipaka. "I wanna leave" inapita, lakini kwa mtu mmoja anayesemwa ni "she wants to leave".

Sasa, "gonna" iandikwe wapi? Kwenye meseji za marafiki na wafanyakazi wenzako, jimwage. Kwa bosi, "I'm going to" au "I'll" inatosha. "I'll" si utovu wa adabu, kwa hiyo huna haja ya kukimbilia Kiingereza cha mahakamani. Kwenye barua ya kuomba kazi, maombi ya viza au malalamiko kwa mwenye nyumba, usiiguse kabisa. Isipokuwa unanukuu. Mtu akikutishia kwa kusema "I'm gonna hit you", nawe unaandika maelezo ya polisi, yaandike maneno yake kama yalivyomtoka. Usimsahihishie Kiingereza.