Kabati la bunduki lisigeuke nyumba ya kutu, hasa kwa sisi wa Kigoma

Wakuu, nyie wenye bunduki za leseni mnaokaa huku kandokando ya ziwa, Ujiji, Kibirizi, Gungu, mnajua mvua zikianza Novemba mpaka zinakatika karibu na Mei hewa inakuwa na maji maji muda wote, sasa ukifunga kabati la chuma unyevu ulioingia unabaki humo humo na bunduki yako. Wengi wanamwaga mafuta kwenye mtutu mpaka yanadondoka halafu hewa ya ndani hawaishughulikii kabisa. Mafuta yanasaidia ila pambana na hewa kwanza.

Kabla ya yote toa risasi, fungua chemba uangalie kwa macho na uguse kwa kidole. Ndo tuendelee.

Tafuta kipima unyevu, kile kidogo cha betri chenye kioo, kiweke ndani, funga, soma kesho yake. Unataka 45 mpaka 50 kwa mia, ikishavuka 60 kutu inakimbia. Vya bei rahisi vinadanganya sana kwa hiyo kipime chenyewe kwanza: chukua kifuniko cha soda, jaza chumvi, hata hii yetu ya Uvinza, tonesha maji kidogo iwe tope tu isiyeyuke yote, weka pamoja na kipima kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, acha usiku kucha. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 80 ujue kinazidisha 5, basi uwe unatoa 5 kila ukisoma. Hiyo chumvi isisogee karibu na kabati.

Kabati lenyewe usilikalishe juu ya sementi tupu, sementi inapitisha unyevu toka chini, weka vipande vya mninga halafu lifunge imara ukutani lisibebeke. Kama ni la kuzuia moto, mengi yana jasi ndani ya kuta na jasi inashika maji, kwa hiyo likiwa jipya liache wazi tupu siku kadhaa kabla hujaweka kitu. Toa sponji, toa begi la bunduki, toa ala ya ngozi. Hivi vitu vinanyonya unyevu na kuubandika kwenye chuma, bunduki isimame yenyewe bila nguo.

Sasa dawa yenyewe ni silika jeli, zile punje ngumu zinazonyonya unyevu wa hewa. Kabati la bunduki mbili tatu anza na nusu kilo, kipima ndo kitakwambia kama uongeze. Ipime kwenye mizani ikiwa kavu, ikifika kama gramu 600 imeshashiba, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa masaa mawili matatu, au kama huna oveni tumia sufuria usiyopikia, weka mchanga chini na makaa machache kama ya kupalia wali, ukigeuza geuza. Moto ukiwa mkali unaiua. Ile ya bluu inayogeuka pinki ina kobalti ambayo ni sumu, tafuta ya rangi ya chungwa.

Mchele na mkaa achana navyo, nguvu yake ndogo mno. Na yale makopo ya dukani yanayojaa maji chini, humo kuna kalsiamu kloraidi, yale maji ni ya chumvi na yakimwagika yanakula chuma vibaya kuliko unyevu uliokuwa unaukimbia. Fimbo ya umeme ya kupasha joto ni nzuri lakini inataka umeme usiokatika, na haiondoi maji, inapasha hewa tu.

Bunduki ikitoka porini imelowa usiifungie hapo hapo. Ifute, iache ikauke chini ya macho yako, halafu paka mafuta ya bunduki membamba kwa tambara, mikono isiguse chuma tena maana jasho lina chumvi. WD-40, ile ya kopo la kupuliza, inafukuza maji ila isiwe mafuta yako ya kuhifadhia. Wenye gobole lenye kibali, masizi ya baruti yanavuta maji na yanakula mtutu, lioshe siku hiyo hiyo kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta.

Ndugu zetu wa Tabora kiangazi cha Juni hadi Septemba mambo ni kinyume, hewa inakauka mpaka kitako cha mti kinaweza kupasuka, kipima kikienda chini ya 40 punguza silika.

Kila ukifungua kagua mdomo wa mtutu, skrubu za mkanda na pale chuma kinapokutana na mti, kutu inaanzia huko. Ukiona vumbi la kahawia futa taratibu kwa sufi ya chuma laini kabisa, namba 0000, ikiwa na mafuta, ila kama kuna vishimo ndani ya mtutu usiifyatue, ipeleke kwa fundi mwenye kibali.